Gari ya Senna njo hii, musinisumbue

Bana, acheni nilalamike kidogo. Ile tablo yangu, picha ninachora ya gari ya Senna, dereva wa mashindano ya Formula 1, McLaren ya 1988, niliiachaka mu kona ya salo siku mingi na pine tatu, bibi yangu akawa anaanikia maleso juu yake. Juzi mama mukwe anafika, anaiangalia, anauliza: "Mukwe, hii ajali ilifanyikaka wapi?" Njo nikasema basi, ninaimaliza.

Sasa jaribu kufungua tubu ya rangi ya zamani! Kizibo kimegoma, nikashika na pensi, tubu ikapasuka tumboni, nyekundu yote ku suruali ya kanisa. Na rangi ya mafuta haina haraka, haikauki sawa maji, inakunywa hewa polepole, juu inashika ngozi kumbe chini bado mubichi, na vumbi la hapa Katuba, mu kipwa, wakati mvua hainyeshi, linajua kabisa siku gani rangi iko mubichi.

Usiku ningefanya kimya kimya lakini umeme munaujua wenyewe. Kwa hiyo ninachora muchana, chini ya muembe, na kila mupita njia ni profesa. Jirani fundi wa magari akasimama.

"Yaya, volani iko upande gani?"

"Katikati."

"Katikati? Na abiria banakaa wapi?"

"Hakuna abiria."

Akasikitika kweli. Nikamuambia mwaka ule Senna na mwenzake Prost na hii gari balishinda kozi 15 kwa 16, ya Monza, Italia, tu njo iliwaponyoka, Senna aligongana na dereva wa nyuma sana mwenye alikuwa anataka kumupita, Berger wa Ferrari akajichukulia.

"Unaona? Honi iko wapi?"

Nikanyamaza. Mzee Pilipili Mulongoy alichoraka ndege na mamba hapa hapa Lubumbashi, tablo zake ziko mpaka mu mamize, manyumba ya makumbusho, ya Ulaya, sizani kama kuna mutu alimuuliza mamba yako inakunywa lita ngapi.

Ile pine ya ine ndiyo ilinitesa. Ukipaka nyeusi tupu unapata shimo, si pine. Unachanganya buluu ya giza na kahawia, halafu na pinso ndogo unapitisha kamustari ka kijivu pale bega ya pine inapokutana na jua, na hapo, bana, inazunguka! Nilikaa naiangalia mpaka bukari ikapoa, bibi yangu akanuna.

Sasa imeisha, namba 12, kaski, kofia ya dereva, ya manjano, kila kitu. Mama mukwe anasema kwa vile imetengenezwa, iuzishwe. Na yule fundi anataka yake: kataksi kake, lakini na rangi ya Senna, nyeupe na nyekundu, yeye ndani na kaski, abiria bane, na honi ionekane. Nikamuomba avansi. Ati nichore kwanza honi aone.