Nje jua, ndani mvua

Ofisini kwetu hakuna kiyoyozi cha kupuliza, dari lenyewe ndo linapoza, yaani juu ya zile paneli kuna mabomba yanapitisha maji ya nyuzi 15 hivi, unapoa kimyakimya bila kelele za feni. Raha sana, sikatai. Sasa siku hiyo bosi kaingia kikaoni kasema hewa nzito, fungueni madirisha yote tupate hewa safi, nani abishane na bosi? Yakafunguliwa.

Haukupita muda tone la kwanza likatua kwenye upara wa mhasibu. Akapangusa, akatazama juu, akaendelea kusoma. La pili likamlenga palepale. La tatu likadondokea karatasi za bajeti na hapo ndo bosi akasimamisha kikao, maana upara wa mhasibu haukuwa kwenye ajenda.

Mmoja akaropoka eti bomba la choo cha juu limepasuka. Jamani! Mhasibu alitoka mbio mpaka kwenye sinki akamalizia sabuni yote kichwani, na hakuna aliyekumbuka kwamba sisi ndo ghorofa ya mwisho, juu yetu ni jua tu.

Akaja fundi bomba, kafungua paneli hii, kafungua ile, hakuna kiungo kinachovuja, na kila akipangusa dari linalowa tena mbele ya macho yake. Akashuka ngazi akasema hapa tafuteni mtu wa maombi.

Fundi wa mitambo ya ubaridi yeye hata ngazi hakugusa, aliangalia madirisha akacheka. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu asilimia 70, anasema, inaanza kuacha maji ikigusa kitu chochote cha chini ya nyuzi 24, dari lenu liko 16, mlitegemea nini, chupa ya maji ikitoka friji si huwa inalowa nje, ila nyie mmekaa chini ya chupa. Akaulizia sensa ya umande, kile kidude cha kufunga maji ya baridi dari likikaribia kulowa. Ikakutwa ukutani, waya umechomolewa na kupigwa selotepu safi kabisa, kisa inasumbua, dirisha likifunguliwa tu inazima ubaridi!

Bosi akauliza, tena kwa utulivu, kama kuna madirisha ya kuingiza hewa halafu yakaacha unyevu nje.

"Yapo bosi, ni hayahaya, ila uyafunge."