Mganga wa Waanglo-Saksoni ameonewa vya kutosha

Hadithi nyingi zinazowekwa katika Uingereza ya Waanglo-Saksoni, kabla Wanormani hawajaingia mwaka 1066, zina mhusika yuleyule: mganga mwovu. Kibanda chake kiko pembezoni mwa kijiji, chungu kinatokota, na mfalme mgonjwa analishwa sumu kidogokidogo huku akiambiwa ni dawa. Kila nikikutana naye nabaki na uchungu, maana naona mtu anasingiziwa.

Wanaomtetea mhusika huyu hawakosi hoja. Mgonjwa hana kipimo cha kumpimia mganga. Anafumba macho na kumeza. Hofu hiyo ni ya kweli, na mtunzi ana haki ya kuitumia. Tena uganga wa zama hizo ulikuwa na ukatili wake: mojawapo ya vitabu vyao vya tiba linaagiza mwenye wazimu achapwe kwa mjeledi wa ngozi ya pomboo. Bede, mtawa aliyekamilisha historia yake ya Kanisa la Waingereza mwaka 731, anasimulia habari za mtawa wa kike aliyetolewa damu mkononi siku ya nne ya mwezi mwandamo. Mkono ukafura hata viganja viwili visiweze kuuzunguka, na Askofu John akawakemea kwa kufanya hivyo siku iliyodhaniwa kuwa ya hatari.

Lakini Bede huyohuyo anatuletea tabibu Cynefrith. Mwaka 679 alipasua uvimbe chini ya taya la Æthelthryth, aliyewahi kuwa malkia na wakati huo akiongoza nyumba ya watawa ya Ely. Siku mbili mgonjwa akaonekana kupata nafuu, ya tatu akafariki. Katika tamthilia, usiku huo tabibu angeburutwa nje na wenye mienge. Kumbe miaka 16 baadaye, mwili ulipofukuliwa ili uhamishiwe kanisani, Cynefrith alikuwepo, na ushuhuda wake kuhusu lile jeraha ndio Bede anaoutegemea. Amefiwa na malkia mikononi mwake, na neno lake bado linaaminika.

Ufundi nao haukuwa wa kubahatisha. Kitabu cha tiba cha Bald, ambacho nakala yake ya karne ya 10 ipo katika Maktaba ya Uingereza mjini London, kinaeleza jinsi ya kupasua na kushona mdomo uliogawanyika kwa uzi wa hariri. Kina pia dawa ya uvimbe wa jicho, pengine chokea: kitunguu saumu na mmea mwingine wa jamii ya vitunguu vitwangwe kwa kiasi sawa, vitiwe divai na nyongo ya ng'ombe, mchanganyiko ukae siku tisa katika chombo cha shaba, uchujwe kwa kitambaa, kisha upakwe usiku kwa unyoya. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham waliifuata kanuni hiyo hatua kwa hatua. Kwenye vidonda vya panya iliua hadi asilimia 90 ya MRSA, bakteria wanaozishinda dawa nyingi za hospitali. Utafiti wa mwaka 2020 ukaonyesha kuwa bakteria wakishajifunika utando wao, kitunguu saumu peke yake hakifui dafu. Nguvu imo katika mchanganyiko mzima. Mtu apake nyongo machoni leo? Hapana. Ila aliyeandika kanuni ile alikuwa makini na kazi yake.

Kiswahili hakimchanganyi mganga na mchawi. Tanzania daktari anayesimamia afya ya wilaya ni Mganga Mkuu wa Wilaya. Waanglo-Saksoni nao walikuwa na læce kwa tabibu na wicce kwa mchawi wa kike. Watunzi wa leo ndio waliowaunganisha hawa wawili wakawa mtu mmoja.

Na hata shutuma ya uchawi ilikuwa na mengi nyuma yake. Ipo hati ya ardhi ya karne ya 10 ambayo siachi kuifikiria. Inahusu shamba la Ailsworth, karibu na Peterborough. Mjane na mwanawe walidaiwa kupigilia misumari ya chuma, pengine kwenye sanamu, ili kumdhuru mtu aitwaye Ælfsige. Kitu hicho cha mauti kikatolewa chumbani mwa mjane, naye akazamishwa mtoni kwenye daraja la London. Mwanawe akatoroka, akawa mtu asiyelindwa na sheria. Shamba likaenda kwa mfalme. Mfalme akampa nani? Ælfsige, yuleyule aliyedai kurogwa. Baadaye mwana wa Ælfsige, aitwaye Wulfstan, akalibadilishana na Askofu Æthelwold.

Hati haisemi kama mjane yule alikuwa mganga, nami simpachiki kazi hiyo. Labda kweli alipigilia misumari. Lakini mtunzi anayetafuta mwovu wa zama hizo angeanza kwa kuuliza shamba limeishia kwa nani, kabla ya kukimbilia mwenye chungu na mitishamba. Ælfsige, Wulfstan na Æthelwold, waliolipata shamba lile baada ya mauaji, wametajwa kwa majina katika hati. Mjane hajatajwa, wala mwanawe.