Siku 126 zipo kisheria

Mwandishi wa makala kuhusu ugonjwa wa akili kazini ameeleza vyema kwamba mwajiri amsaidie mfanyakazi mwenye ugonjwa mkubwa wa akili badala ya kumtoa kazini. Namuunga mkono, ila sheria hakuigusa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hapa Tanzania inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Haikusema malaria tu, jamani.

Mdogo wangu ana skizofrenia, mojawapo ya magonjwa hayo makubwa ya akili. Alikuwa anafunga mizigo kiwandani hapa Tanga. Kila mwezi anachomwa sindano hospitali ya Bombo, na usiku anameza vidonge vinavyomlaza fofofo. Akachelewa zamu ya alfajiri mara tatu, wakamwita mlevi, wakamwachisha. Tulichoomba ni zamu ya mchana tu! Kazi aliiweza, msimamizi wake mwenyewe alikiri. Wenzake nao wakasema karogwa.

Mwaka wa pili huu anauza madafu Raskazone. Anaanza saa nne asubuhi, na hajakosa siku hata moja.