Je, ñ na n ni herufi moja?

Iulize MySQL 8.0, programu ya hifadhidata, bila kubadili mpangilio wowote, kama 'año' ni sawa na 'ano'. Itajibu 1, yaani ndiyo. Kwa Kihispania neno la kwanza ni mwaka. La pili ni mkundu.

Jibu hilo linatoka kwenye kolesheni, kanuni zinazoiambia hifadhidata herufi zipi zihesabiwe sawa na ipi itangulie ipi. Kolesheni ya kawaida ya MySQL 8.0 ni utf8mb4_0900_ai_ci: "ai" inapuuza alama zilizo juu ya herufi, "ci" inapuuza tofauti ya herufi kubwa na ndogo.

Wanaotetea ulegevu huu wana hoja nzito. Anayemtafuta Müller pengine kibodi yake haina ü. Ataandika Muller, na haifai aambiwe kwamba mtu huyo hayupo. Kwenye utafutaji nakubaliana nao kabisa. Ila ulegevu wenyewe una mapengo: ng'ombe yenye alama nyoofu ya kibodi na ng’ombe yenye alama iliyopinda, ambayo programu nyingi za uandishi huiweka zenyewe, hubaki maneno mawili hata chini ya ai_ci.

Tatizo kubwa liko kwenye upekee. Safu ya maneno ya kamusi ikiwekewa indeksi (orodha ya kuharakisha utafutaji) isiyoruhusu marudio, ukishaingiza 'ano', 'año' inakataliwa kwa madai kwamba limeshaingizwa. Kolesheni ya zamani, utf8mb4_unicode_ci, ilikwenda mbali zaidi: kwake 🍣 na 🍺 ni kitu kimoja. Kwa majina ya akaunti, hata hivyo, nasita. Kumzuia Muller kujisajili baada ya Müller kunaweza kumwonea mtu, lakini pia kunamzuia tapeli anayetaka kujifanya mwingine.

Je, tulinganishe kwa ukali, msimbo kwa msimbo, yaani kwa namba ambayo Unikodi, orodha ya herufi za lugha zote, huipa kila herufi au alama? utf8mb4_bin hufanya hivyo, nayo ina mtego wake. Herufi é huweza kuhifadhiwa kama msimbo mmoja, U+00E9, au kama e ikifuatwa na U+0301, msimbo wa alama ya juu peke yake. Kwa macho hazitofautiani. Kwa kolesheni hiyo ni vitu viwili, na mtu anaweza kushindwa kuingia kwenye akaunti yake mwenyewe. Ukali unafaa tu baada ya maandishi yote kusawazishwa kwenye umbo moja la Unikodi kabla ya kuhifadhiwa.

Wala hakuna kolesheni moja itakayoziridhisha lugha zote. Waswidi huiweka ö baada ya z. Wajerumani, katika kiwango chao cha DIN 5007, wana mipangilio miwili: kwenye kamusi ö ni kama o, kwenye orodha za majina ni kama oe.

Kwa hiyo mimi huamua safu kwa safu: ukali kwenye data inayotambulisha kitu, ulegevu kwenye kutafuta. Gharama ipo. Indeksi iliyojengwa kwa kolesheni moja haiharakishi utafutaji unaotumia nyingine, hivyo utahitaji safu ya pili ya kutafutia, na diski itajaa zaidi. Naona ni afadhali kuilipa kuliko kuikuta kamusi haina neno mwaka.