Ndugu Aliyekataa Kutoa Figo

Mwaka 2023 Uganda ilipata sheria ya uchangiaji wa viungo, na Desemba ya mwaka huohuo hospitali ya taifa ya Mulago, Kampala, ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo mwenye pesa alikwenda India, asiye nazo akabaki hospitali ya Kiruddu akisafishwa damu kwa mashine. Sasa swali limeingia kwenye vikao vya ukoo: nani atatoa? Anayesita huambiwa amemuua nduguye. Hukumu hiyo si ya haki.

Wanaolaumu wana hoja, tena nzito. Mashine humshika mgonjwa saa kama nne, mara mbili au tatu kila wiki, na nauli na gharama humaliza mashamba. Upandikizaji wetu unategemea watoaji walio hai. Mtu mzima mwenye afya huishi vizuri na figo moja, na takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba watoaji wanaofariki kutokana na upasuaji ni kama 3 kati ya 10,000.

Lakini tazama kikao chenyewe. Mjomba anataja majina, wazee wanaitikia, na dada mwenye mtoto mchanga mapajani ameinamisha kichwa. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Wote wameshika imani moja, kwamba damu ni moja, kwa hiyo figo haitakataliwa.

Imani hiyo haina msingi. Kwa watoto wa baba mmoja na mama mmoja, nafasi ya kulingana kabisa katika alama za kinga ya mwili, ambazo mwili hutumia kutambua kiungo kigeni, ni 1 kati ya 4. Nafasi ya kulingana nusu ni 2 kati ya 4, na inayobaki ni ya kutolingana kabisa. Mwenye ndugu watatu bado ana asilimia 42 hivi ya kukosa hata mmoja anayelingana naye kikamilifu, na hapo hatujagusa kundi la damu, shinikizo la damu wala kisukari. Kwa watoto wa baba mmoja na mama tofauti, ambao katika nyumba zetu ni wengi, kulingana kabisa ni nadra mno. Ukoo unaomtenga dada huyo huenda unamwadhibu kwa figo ambayo isingefaa.

Kisha kuna kipimo cha mwisho: chembe nyeupe za mtoaji huwekwa kwenye majimaji ya damu ya mgonjwa. Zikishambuliwa, figo hiyo haipandikizwi, hata mtoaji awe mtoto aliyezaliwa na mgonjwa mwenyewe. Mimba huweza kumwachia mama kingamwili, yaani silaha za mwili ndani ya damu, dhidi ya alama alizorithi mtoto kwa baba yake. Kuongezewa damu huleta hatari hiyohiyo, na wagonjwa wa figo huongezewa damu mara nyingi.

Hata kipimo kikipita, mgonjwa atameza dawa za kutuliza kinga kila siku, maadamu figo inafanya kazi. Pacha wa kufanana tu ndiye anayeweza kusamehewa dawa hizo. Dawa zikikatika kwa kukosa pesa, mwili huishambulia figo, na aliyeitoa harudishiwi. Kabla ya kumbana dada, ukoo ueleze nani atalipia dawa mwaka wa tano.

Dawa hizohizo zimepunguza uzito wa undugu. Takwimu za Marekani zilizochapishwa 1995 zilionyesha kwamba asilimia 85 ya figo zilizotolewa na wenzi wa ndoa zilikuwa bado zikifanya kazi baada ya miaka mitatu, na za wazazi asilimia 82. Kwa hiyo mume wa mgonjwa naye aulizwe, si dada yake peke yake.

Hospitali zinazopandikiza zina wajibu hapa. Mtoaji asikilizwe peke yake, mlango umefungwa, mjomba akiwa nje, na mbele ya daktari asiyemtibu mgonjwa. Akisema hataki, ukoo uambiwe tu kwamba hafai kutoa, na sababu ibaki siri yake. Hilo haliwanyimi wagonjwa figo: atakayebaki kwenye orodha ni yule aliyekubali kwa moyo wake.