Ujirani mwema hauishii kwenye mtihani

Mitihani ya ujirani mwema, ile ambayo shule jirani huifanya kwa pamoja na walimu wao kuisahihisha pamoja, haikosi walalamikaji. Shule zinajikamua kulipia uchapaji, vipindi vinapotea, na mwisho wa yote linabandikwa jedwali la nafasi, kuanzia shule ya kwanza hadi ya mkia. Wana hoja. Mwalimu anayepanda bodaboda kwenda kusahihisha shule jirani ameacha darasa, na penye walimu wachache pengo hilo halizibiki.

Lakini tumtazame mwalimu wa fizikia wa shule ya kata. Shule hizi zilienea kwa kasi chini ya MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004, na zipo ambazo hadi leo somo hilo lina mwalimu mmoja tu. Hana wa kumwuliza. Akielewa vibaya mada ya umeme, kosa lake litapita kidato hadi kidato, mwaka hadi mwaka, kwa kuwa mtungaji wa mtihani ni yeye na msahihishaji ni yeye. Matokeo yakiwa mabaya atasema watoto hawasomi. Simlaumu, alipokaa, hilo ndilo linaloonekana.

Mketishe meza moja na wenzake wa shule sita. Swali la saba wanafunzi wake wamelikosa karibu wote, tena kwa namna ileile. Wa jirani wamelipata. Hakuna mkaguzi atakayemwonyesha jambo hilo waziwazi kiasi hicho. Atauliza, "Ninyi mada hii mnaianzaje?" Pembeni yake yupo aliyewahi kuitwa kusahihisha mtihani wa Taifa, na wanabishana kama aliyesahau kizio cha kipimo apewe alama. Katika ubishi huo ndimo ualimu unamojengwa.

MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), inahimiza jumuiya za walimu za kujifunza, na ni jambo jema. Ila kwa aliye peke yake katika somo, jumuiya ya ndani ya shule haimfikishi mbali. Mwenzake yuko kata ya pili.

Kinachoharibu ni lile jedwali. Mkuu wa shule anayeogopa mkia hatafungua kabati lake kwa jirani. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023. Sioni kwa nini kata ziendelee. Jedwali liondolewe, usahihishaji uhamie Jumamosi, walimu walipwe nauli, na nusu siku ya mwisho itengwe kwa maswali yaliyowashinda wanafunzi wengi.