Mbuzi wa Mheshimiwa Hapandi

Majirani zangu hapa Umoja, Nairobi, wameshaamua kwamba mimi ni tajiri. Nikienda dukani kununua nusu kilo ya sukari, mwenye duka ananitazama kana kwamba nimekuja kumkejeli. "Rubani mzima, nusu kilo?" Naam, rubani mzima, mwenye kodi ya nyumba nzima na mkopo wa karo ya urubani ambao nimeulipa hadi umeanza kunizoea. Chopa, yaani helikopta, si yangu. Changu mimi ni miwani ya jua peke yake.

Saa kumi na moja alfajiri niko stendi nagombania matatu na wauza mitumba. Kutoka Umoja hadi uwanja wa ndege wa Wilson, foleni ikiamua, ni saa mbili. Kutoka Wilson hadi Eldoret kwa chopa yetu, ndogo aina ya R44, saa moja na dakika ishirini hivi. Nikimweleza mtu hesabu hiyo hucheka, anadhani ni mzaha.

Mama mkwe naye, kila nikishuka Kilifi, swali ni lile lile: "Injini ikizimika huko juu, mwanangu, utashika nini?" Nimemweleza mpaka nimechoka. Injini ikizimika unateremsha wenzo wa mkono wa kushoto papo hapo, chopa inashuka, na ule upepo unaotoka chini unayazungusha mapanga kama kititia cha mtoto. Ukikaribia ardhi unatumia mzunguko huo huo kupunguza kasi, unatua. Nikamwambia kuna Mfaransa, Jean Boulet, mwaka 1972 alipanda na chopa hadi mita 12,442, injini ikazimika huko kwenye baridi, ikakataa kuwaka tena, na akashuka hivyo hivyo hadi chini, mzima. Mama mkwe akatafuna tambuu, akatema, akauliza: "Na huyo Mfaransa alikuwa na mke na watoto?" Sasa hilo darasani hatukufundishwa.

Turudi kwenye Jumamosi iliyopita. Nimepangiwa kumpeleka mheshimiwa mmoja (jina lake libaki mfukoni mwangu) kwenye harambee ya shule, nyanda za juu karibu na Eldoret. Chopa ina viti vinne pamoja na changu. Kila kiti, mtu na mzigo wa chini yake, visizidi kilo 136. Ndiyo maana nina mizani. Mheshimiwa akaitazama ile mizani kama mtu aliyeonyeshwa samansi ya mahakama. "Mimi ni kilo themanini, andika." Mheshimiwa, hata shati lako peke yake halikubaliani na wewe. Hatimaye akapanda, akaziba nambari kwa tumbo lake, mlinzi wake akazisoma na kuninong'oneza. Sikuandika themanini.

Watu wanafikiri kurusha chopa ndiyo kazi. Kurusha ni kama kukuna nazi huku unapiga zumari na kubembeleza mtoto kwa miguu: mkono wa kushoto unapandisha na kushusha, wa kulia unaelekeza, miguu inauzuia mkia usigeuke. Ukishazoea, umezoea. Sijazoea bado kumwambia mtu mwenye walinzi wawili kwamba haiwezekani.

Kamati ya shule ilikuwa imenihakikishia kwa simu kuwa uwanja uko sawa kabisa. Maneno hayo matatu, "uko sawa kabisa", yamenizeesha. Siku hizi situi kabla ya kuzunguka mara moja kuangalia. Nikazunguka. Uwanja ulikuwa na magoli mawili, mlingoti wa bendera, ng'ombe aliyefungwa katikati kama mpira wa kuanzia mechi, na hema la wageni mita thelathini kutoka pale waliponichorea duara la chokaa. Na waya wa umeme. Waya wenyewe huuoni ukiwa juu, hata macho yawe ya mwewe, unatafuta nguzo. Ukiona nguzo mbili, jua kati yake kuna jambo, hata kama huoni kitu. Hilo nilifundishwa na mwalimu wangu kwa sauti ambayo siwezi kuiandika hapa.

Upepo je? Shule haina mfuko wa upepo, lakini harambee haikosi bendera za chama. Wanasema bendera hufuata upepo. Basi nami hufuata bendera. Wiki mbili kabla nilimleta mheshimiwa huyo huyo upande huo huo na bendera zilikuwa rangi nyingine. Upepo ulikuwa ule ule.

"Simama hapa juu, niwapungie mkono, halafu ushuke wima polepole," akasema kwenye vipokea sauti. Mheshimiwa huyu anadhani chopa ni lifti. Nikamweleza kwamba tuko mita elfu mbili na mia moja juu ya usawa wa bahari, jua la saa saba, hewa ni nyembamba kama uji wa gerezani, na tumejaa. Chopa ikisimama hewani inameza nguvu nyingi kuliko ikisonga. Na ukiishusha wima kwa pupa, inazama ndani ya upepo inaousukuma chini yenyewe. Ukiongeza nguvu ndiyo kwanza inazidi kuzama. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa watu watanionaje?" Nikatua kwa mshazari, mbali na hema, kando ya ng'ombe.

Vumbi lilivyopanda, shule ilipotea. Lilipotulia, kofia nne zilikuwa kwenye ua, wigi moja ilikuwa ikikimbizwa na watoto, na bibi mmoja alikuwa amesimama mbele yangu na sinia la mayai yaliyovunjika. Kuku walikuwa wamemrukia mezani. Mheshimiwa alishabebwa juu kwa juu na nyimbo. Mimi ndiye nikabaki na kesi. Nikalipa shilingi mia tano. Bibi akaingia ndani, akatoka na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu: "Chukua, mjukuu wangu, usiondoke na chuki."

Hotuba ya dakika kumi ilichukua saa mbili na nusu. Pikapu iliyobeba mapipa ya mafuta ilikuwa imepotea njia, na mjumbe wa kamati akapendekeza tuchote petroli ya pikipiki, "si zote huwaka?" Nikakaa chini ya mkia natafuna mahindi ya kuchemsha, nikifukuza watoto. Panga la mkia likizunguka halionekani, kwa hiyo nataka wajifunze kuuogopa hata ukiwa umelala. Na kabla ya kuondoka lazima nichungulie chini, tangu mwaka 2016 yule jamaa wa Bungoma aliponing'inia kwenye vyuma vya kutulia vya chopa ya watu akapaa nayo kweupe.

Pikapu ikafika saa kumi. Nikajaza, nikachungulia chini, hakuna mtu. Kulikuwa na mbuzi. Beberu, shingoni ana utepe, zawadi ya wazee.

"Huyu anapanda," akasema mheshimiwa.

"Hapandi, mheshimiwa."

"Nimesoma kwamba chopa ilitua kilele cha Everest. Inashindwa na mbuzi?"

Kweli ilitua, mwaka 2005, Mfaransa mwingine, Didier Delsalle. Nikamwambia: huyo alikuwa peke yake, na viti vya abiria alikuwa ameving'oa ili kupunguza uzito. Kama mheshimiwa yuko tayari kubaki, mbuzi ataingia. Walinzi wakatazama milima. Mheshimiwa akatazama saa, jua likiwa limeanza kuinama na mimi nimeshamwambia kwamba giza likituwahi tutalala hapo na kamati. Akafunga mkanda huku ananung'unika. Ndipo akaliona kapu miguuni pa mlinzi.

"Mbuzi wangu anakataliwa na jogoo wako anapanda?"

"Jogoo ni kilo mbili na nusu. Nimempima. Yeye alikubali mizani."

Hatukuongea tena mpaka Wilson. Nikazima injini, nikajaza daftari, nikatoka barabarani. Mvua ikadondosha matone matatu na nauli ikapanda kutoka themanini hadi mia na hamsini. Matatu ya abiria kumi na wanne ilikuwa na kumi na saba, na makanga anaita, "Wawili wa haraka, wawili!" Hakuna aliyepimwa kilo. Nikajibana dirishani, jogoo mapajani, vumbi limenijaa hadi kwenye nyusi, nikatafuta mkanda nikaufunga. Gari zima likacheka.

"Mzee," akasema makanga, "leo ndiyo umetoka mashambani?"

Nikasema ndiyo.

"Pole sana. Ulikuja na basi gani?"